Makuzi ya binadamu na masomo ya familia katika vyuo vidogo vya Marekani: kinasomwa nini hasa?

Mwanagenzi_Tanga

Wakuu, salaam. Nimemaliza kidato cha sita na nimepata nafasi katika chuo cha elimu huria (liberal arts) Marekani, vile vidogo vya wanafunzi elfu mbili hivi. Somo kuu sijalazimika kulichagua bado, ila moyo uko kwenye makuzi ya binadamu na masomo ya familia. Mzee kasoma maelezo ya idara akaniuliza, "Hii si sayansikimu hii?" Nikakosa jibu.

Wanaoijua fani wanisaidie. Inatofautiana vipi na saikolojia au ustawi wa jamii? Kazi za darasani zikoje, na watu huharibikiwa wapi? Na mwenye viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, akimaliza anafanya nini? Sitafuti wa kunitia moyo, natafuta wa kunieleza.

Silabasi

Mzee wako hajakosea, ameishika fani kwenye mzizi. Idara nyingi za aina hii zilizaliwa ndani ya sayansikimu. Pale Cornell, Chuo cha Sayansikimu kilibadilishwa jina mwaka 1969 kikawa cha Ikolojia ya Binadamu. Mapishi na ushonaji vikashika njia yao. Mtoto, ndoa, bajeti ya kaya na uzee vikabaki upande huu, vikaongezewa nadharia na takwimu nyingi.

Saikolojia huanza na mtu mmoja: anavyokumbuka, anavyohisi, anavyougua akili. Ustawi wa jamii ni taaluma ya kuhudumia, ina leseni na sheria zake. Hii ya kwako inauliza mtu anabadilikaje tangu tumboni hadi uzeeni, akiwa katikati ya wanaomlea na anaowalea. Chombo utakachokutana nacho wiki ya pili tu ni nadharia ya ikolojia ya mwanasaikolojia Urie Bronfenbrenner, aliyoiweka kwenye kitabu mwaka 1979: mtoto hukulia katikati ya matabaka ya mazingira yanayomzunguka.

Chukua mtoto wa miaka minne anayelia kila Jumatatu akiachwa chekechea. Tabaka la kwanza ni yeye na mwalimu, yeye na mama. La pili ni uhusiano kati ya hao wawili: mwalimu na mama hawasemezani, wanapishana mlangoni. La tatu ni mahali ambapo mtoto hajawahi kukanyaga, kazini kwa mama, ambako zamu zimebadilishwa. La nne ni sheria na mila: Marekani haina likizo ya uzazi yenye malipo kwa nchi nzima, sheria ya mwaka 1993 inatoa wiki 12 bila malipo, tena si kwa kila mwajiriwa. La tano, aliloliongeza baadaye, ni wakati: baba kahama nyumbani mwezi uliopita. Wanaopata alama duni huorodhesha matabaka matano kama bidhaa za dukani, kisha wanaweka nukta. Msahihishaji anatafuta nyuzi: zamu imebadilika, mama anafika kachoka, hana dakika mbili za kuongea na mwalimu, mwalimu hajui kuwa baba kaondoka, kilio kinaonekana utundu. Hapo ndipo alama zilipo.

Sasa mpango wa kozi, maana huku ndiko watu wanakoumia. Chuo kinachodai krediti (vipimo vya uzito wa kozi) 128, kozi moja ikiwa krediti nne, kinakudai kozi 32, yaani nne kila muhula kwa mihula minane. Somo kuu hula kumi hadi kumi na tatu. Zilizobaki ni masharti ya jumla (lugha, sayansi ya maabara, sanaa, historia) na hiari zako. Somo kuu hutangazwa mwisho wa mwaka wa pili, na wengi hudhani basi kabla ya hapo hakuna haraka.

Haraka ipo. Utangulizi wa makuzi ndio unaofungua kozi za utotoni, ujana na uzee. Takwimu ndizo zinazofungua mbinu za utafiti, na mbinu za utafiti ndizo zinazofungua semina ya mwaka wa nne au tasnifu. Idara yenye walimu watano au sita hufundisha mbinu za utafiti mara moja tu kwa mwaka. Ukiikosa mwaka wa tatu kwa sababu ulikwenda kusoma muhula mmoja nchi nyingine, unajikuta mwaka wa nne unajifunza kuunda dodoso huku wenzako wanachambua majibu ya madodoso yao. Takwimu zimalizwe kabla mwaka wa pili haujaisha. Muulize mshauri wako wa masomo swali moja: "Mbinu za utafiti hufundishwa muhula gani, na nani ana likizo ya utafiti mwaka huo?" Mwalimu mmoja akiondoka, kozi mbili zinaondoka naye.

Jambo jingine, usitafute jina lilelile kila chuo. Connecticut College wanaita Makuzi ya Binadamu, basi, na wana kituo cha watoto hapohapo chuoni. Berea, kule Kentucky, wanaita Masomo ya Mtoto na Familia. Hicho ni chuo cha mwaka 1855 kisichotoza ada ya masomo, na kila mwanafunzi hufanya kazi za chuo saa 10 au zaidi kwa wiki. Vyuo vingi vidogo havina idara hii kabisa, wanakuruhusu kujitungia somo kuu kutoka saikolojia, sosholojia na elimu. Si vibaya, ila hakikisha umeweka humo mbinu za utafiti, kozi moja ya familia yenyewe, na mafunzo kwa vitendo. Bila hivyo unabaki na lundo la kozi za utangulizi.

Dirisha_la_Kioo

Silabasi kagusa ramani, mimi niongelee kazi yenyewe. Kitakachokula muda wako ni uchunguzi wa watoto. Vyuo vyenye kituo cha watoto huwa na chumba chenye kioo cha upande mmoja, unakaa nyuma yake na daftari. Kazi ya kwanza huwa ni kumbukumbu ya mfululizo: dakika kumi au kumi na tano, kila kinachotendeka, bila tafsiri.

Inaonekana rahisi mpaka urudishiwe karatasi imejaa wino mwekundu. Ukiandika "Mtoto alikasirika akamnyang'anya mwenzake gari," umeshahukumu mara mbili. Andika hivi: "10:12. M ananyoosha mkono wa kulia, anashika gari alilolishika K, anavuta mara mbili. Nyusi zimekunjana. Anasema 'langu' kwa sauti ya juu. K anaachia, anamtazama mwalimu." Hasira ni hitimisho, nalo linakaa kwenye safu ya kulia ya ukurasa, peke yake, likiwa na ushahidi wake. Maneno kama mkorofi, mpole, mwenye aibu, mdekaji yote ni ya safu ya kulia.

Na angalia saa! Msemaji wa Kiswahili akiandika daftari haraka hujikuta ameandika saa nne na dakika kumi na mbili, halafu jioni anapochapa inakuwa 4:12. Mwalimu anashangaa kituo kilikuwa wazi saa ngapi. Weka saa ya dijitali mezani, nakili tarakimu zilivyo.

Baada ya hapo inakuja sampuli ya muda, na hapa ndipo takwimu zinapopata kazi. Mfano wa kawaida ni makundi ya mchezo ya mtafiti Mildred Parten ya mwaka 1932: asiyeshughulika, mtazamaji, anayecheza peke yake, anayecheza sambamba na mwenzake, anayeshirikiana bila mpango, na mchezo wa ushirikiano wenye mpango. Unamtazama mtoto sekunde 10, unaandika sekunde 20. Dakika 20 zinakupa vipindi 40. Wachunguzi wawili hufanya kazi hiyo kila mmoja kivyake, kisha mnalinganisha.

Tuseme mmekubaliana vipindi 34 kati ya 40. Hiyo ni asilimia 85, wengi hufurahi na kufunga daftari. Lakini tuseme kwa kurahisisha mmetumia makundi mawili tu, "peke yake" na "pamoja", na kila mmoja wenu kaandika "peke yake" mara 30. Hata mngekuwa mnabahatisha mngekubaliana sana: 0.75 mara 0.75, jumlisha 0.25 mara 0.25, unapata 0.625. Kipimo cha makubaliano kiitwacho kapa kinaiondoa hiyo bahati: 0.85 toa 0.625 ni 0.225, gawa kwa 0.375 (yaani 1 toa 0.625), unapata 0.60. Kutoka 85 hadi 60. Ndiyo maana wanadai kapa. Ikiwa ya chini, mara nyingi tatizo ni maana ya kundi haikuandikwa vizuri, wala si uzembe wa mtu. "Sambamba" ni umbali gani? Mita moja? Vifaa vya aina moja au vyovyote? Mnarudi kwenye maelezo, mnayakaza, mnajaribu upya kwa mtoto mwingine ambaye hayumo kwenye data.

Faragha: daftarini tumia herufi moja, tena isiyo ya kwanza ya jina lake. Picha za simu ni marufuku kwenye vituo karibu vyote. Na ukitaka kugeuza uchunguzi wa darasani kuwa utafiti wa kutangazwa, lazima kamati ya maadili ya utafiti ya chuo ipitishe kwanza, kabla hujakusanya chochote. Haipitishi data iliyokwisha kukusanywa kwa siri.

Mwanagenzi_Tanga

Nashukuru sana, hiyo ya saa nne imenichekesha ila najua ningeingia mkenge. Swali la nyongeza: watoto wote hawa wa vitabuni ni wa Marekani na Ulaya. Ya kwetu yamo? Na kwenye upande wa familia wanasomaje familia kama za kwetu, mke wa pili, mtoto kalelewa na mama mkubwa?

Kaya_na_Ukoo

Yamo kuliko unavyodhani, mara nyingine yamefichwa. Nadharia ya mshikamano wa mtoto na mlezi, ambayo utaisoma kila muhula, shina lake la kazi ya shambani liko Uganda. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwafuatilia akina mama wa Kiganda na watoto wao katika vijiji karibu na Kampala miaka ya 1954 na 1955, akakichapisha kitabu chake mwaka 1967. Lile jaribio maarufu, la matukio manane mafupi ambamo mama anamwacha mtoto pamoja na mgeni kisha anarudi, alilitengeneza baadaye Baltimore. Ukilitumia kwenye insha kumhukumu mtoto ambaye hajawahi kuachwa peke yake na mtu asiyemjua, jiulize kwanza jaribio linapima mshikamano au linapima mshtuko.

Kenya nako, watafiti Charles Super na Sara Harkness walifanya kazi kwa Wakipsigis miaka ya 1970. Super alionyesha mwaka 1976 kwamba watoto wale walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, lakini hawakutambaa mapema. Sababu: kukaa na kutembea walifundishwa. Mtoto aliwekwa kwenye kishimo kidogo ardhini na nguo za kumshikilia mgongo. Kutambaa hakuna aliyewafundisha. Mwaka 1986 wawili hao wakaweka wazo la kiota cha makuzi lenye sehemu tatu: mazingira ya kila siku, desturi za malezi, na fikra za walezi. Kwa insha inayohusu Afrika Mashariki, kiota hiki huchimba zaidi kuliko matabaka ya Bronfenbrenner, kwa maoni yangu. Tena usiandike "mtoto wa Kiafrika" kana kwamba ni mmoja. Wakipsigis wa miaka ya 1970 si Tanga ya leo.

Upande wa familia, kazi ya lazima ni jenogramu: mchoro wa familia wa vizazi vitatu. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara, anayezungumziwa huchorewa mstari mara mbili. Mume kushoto, watoto wakishuka chini kwa mfuatano, mkubwa kushoto. Umri ndani ya umbo, aliyefariki anatiwa alama ya X. Kutengana ni mkato mmoja kwenye mstari wa ndoa, talaka ni mikato miwili. Mstari wa nukta kutoka kwa wazazi ni mtoto wa kulelewa.

Kwetu mchoro huu unaleta shida tatu. Ya kwanza ni ukewenza: programu nyingi za kuchorea huchukulia mke wa pili kuwa ni baada ya talaka, zinakuwekea mikato usiyoitaka. Chora kwa mkono, mume katikati, kila mke na mstari wake na mwaka wa ndoa juu yake, bila mkato wowote. Ya pili ni majina. Ukiandika "baba mkubwa" kwa tafsiri ya neno kwa neno, msomaji anaona mtoto ana baba wawili. Weka ufunguo pembeni: mama mkubwa ni dada mkubwa wa mama, baba mdogo ni mdogo wake baba, shangazi ni dada wa baba, mjomba ni kaka wa mama. Ya tatu ndiyo nzito, nani anaishi na nani. Chora mstari wa vipande kuzunguka wanaokula chungu kimoja. Mara nyingi mstari huo utapita katikati ya ndoa na kumkumbatia mpwa, na hapo ndipo mchoro unapoanza kusema kitu. Kwa Waislamu wa pwani uliza pia kuhusu ndugu wa kunyonya. Mchoro hauna alama rasmi yao lakini ndoa inawakataza, kwa hiyo buni alama na uifafanue.

Kiswahili kina maneno matatu hapa: kaya, familia, ukoo. Sensa ya Marekani ina mawili. Kwao kaya ni wote wanaoishi katika nyumba moja ya makazi, na familia ni watu wawili au zaidi wenye uhusiano wa kuzaliwa, ndoa au kuasili mtoto, wanaoishi pamoja. Kwa maana hiyo baba aliyeko Muscat akituma pesa kila mwezi hayumo kwenye familia. Ukisoma jedwali lolote la takwimu, rudi kwenye maana hiyo kabla hujaandika aya.

Msajili_Mstaafu

Nijibu la kazi na viza, kwa ufupi maana halina mapambo.

Shahada hii ya kwanza haikupi leseni ya tiba popote Marekani. Tiba ya ndoa na familia inataka shahada ya uzamili na saa za usimamizi juu yake. Ustawi wa jamii: mwenye shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii kutoka programu iliyoidhinishwa anaweza kumaliza uzamili kwa mwaka mmoja hivi, wewe wa makuzi utasoma miwili. Ukishajua leo kwamba lengo ni ustawi wa jamii, fikiria chuo upya.

Milango inayofunguka moja kwa moja ni vituo vya watoto, mashirika ya familia, huduma za wazee, na elimu ya maisha ya familia. Hiyo ya mwisho ina cheti cha CFLE kinachotolewa na National Council on Family Relations, chenye maeneo kumi ya maarifa. Linganisha silabasi zako na maeneo hayo mwaka wa pili. Yanayokosekana mara nyingi katika vyuo vidogo ni sheria na sera za familia, usimamizi wa rasilimali za kaya, na mbinu za kufundisha watu wazima. Hifadhi kila silabasi.

Kuna pia kazi ya mtaalamu wa maisha ya mtoto hospitalini, anayemwandaa mtoto kwa sindano na upasuaji kwa michezo. Wanadai kozi kumi maalumu, mojawapo ifundishwe na mwenye cheti hicho, na saa 600 za mafunzo hospitalini. Kozi zinapatikana. Nafasi za mafunzo ndizo haba, watu huomba mizunguko miwili mitatu.

F-1: kufanya kazi chuoni ni hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Mafunzo nje ya chuo yanahitaji kibali cha CPT (mafunzo ya kazi ndani ya mtaala) kilichoandikwa kwenye I-20, fomu ya chuo inayoendana na viza, kabla ya siku ya kwanza, na kwa kawaida baada ya mwaka mzima wa masomo. Lazima yawe sehemu ya mtaala. Chuo kisichotoa krediti kwa mafunzo kinaweza kukosa njia ya kukupa CPT, kwa hiyo uliza kabla ya kukubali nafasi. Ukishatumia miezi 12 ya CPT ya muda wote, OPT, yaani kibali cha kufanya kazi ya fani yako ukishamaliza, imekwenda.

OPT ni miezi 12. Maombi hufunguliwa siku 90 kabla ya kumaliza na hufungwa siku 60 baada yake. Ukikaa bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla, umevunja masharti. Ile nyongeza ya OPT ya miezi 24, ya fani za sayansi na teknolojia, inategemea msimbo wa fani kwenye I-20. Makuzi na familia yako kwenye 19.07, ambayo haimo kwenye orodha ya nyongeza. Saikolojia ya utafiti iko 42.27, nayo imo. Idara mbili jirani, jengo moja, walimu wanaobadilishana kozi, na tofauti ni miaka miwili ya kazi. Baadhi ya wanafunzi huchukua masomo makuu mawili kwa sababu hiyo. Kanuni hizi hubadilika, ofisi ya wanafunzi wa kigeni ndiyo ya kusikilizwa mwisho.

Mwanagenzi_Tanga

Nimepiga chapa ukurasa mzima, namsomea mzee leo usiku. La mwisho: kuna cha kuandaa kabla sijaondoka?

Dirisha_la_Kioo

Vitu viwili vinavyochelewesha watu kuingia kituo cha watoto. Kimoja ni kipimo cha kifua kikuu. Ulichanjwa BCG utotoni, kwa hiyo kile cha ngozi kinaweza kuvimba hata kama huna maambukizi, halafu unatumwa eksirei na wiki tatu zinapita. Omba cha damu tangu mwanzo, na uwe na kadi yako ya chanjo.

Kingine ni uchunguzi wa rekodi ya jinai. Wanachukua alama za vidole, na kwa mgeni aliyefika juzi wanaweza kudai cheti cha polisi cha nchi alikotoka. Kukipata ukiwa Tanga ni rahisi kuliko kukiomba ukiwa ng'ambo. Chukua nakala halisi mbili.

Ukishaingia kituoni utafundishwa wajibu wa kuripoti. Ukishuku mtoto anadhulumiwa, unaripoti kwa utaratibu wa jimbo hilo. Huchunguzi wewe, humhoji mtoto, wala humwahidi kwamba utakaa na siri yake.

Kaya_na_Ukoo

Mzee akiuliza tena jina la hiyo fani, mwambie "malezi, makuzi na maendeleo". Ndiyo maneno yaliyomo kwenye PJT-MMMAM, programu ya taifa ya watoto wadogo iliyozinduliwa Desemba 2021, na akienda ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya watamwelewa bila kumrudisha kwenye sufuria. Ukirudi na shahada, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ndio wanaotambua vyeti vya nje, kwa hiyo omba nakala rasmi ya matokeo kabla hujaondoka chuoni.

Mwanagenzi_Tanga

Sawa. Kesho asubuhi naenda kuulizia cha polisi.